Kusinzia kwangu kumepitisha tozo

Jamani, mimi kusinzia mkutanoni nimekoma. Siku ile jua la utosi, mheshimiwa kachelewa saa tatu nzima, na alipofika akatuanzishia habari za tozo mpya. Niko safu ya pili, kichwa kinaniangukia kifuani, nakinyanyua, kinaanguka tena. Kumbe ananitazama. Akaninyooshea kidole: "Mnamwona mzee yule? Anaafiki kabisa!" Nikazinduka watu wanapiga makofi, nami nikapiga. Ukiamka katikati ya makofi utafanyaje?

Wiki mbili baadaye namsikia redioni: "Wananchi wangu wamenituma niunge mkono tozo hii." Wamemtuma! Mimi mtoto wangu wa kumzaa nikimtuma kiberiti harudi, mheshimiwa nitamwezea wapi?

Nikajua ni maradhi ya huyu wetu tu. Kijana wangu anayesoma chuo akacheka. Akasema huko Marekani watafiti wawili, David Broockman na Christopher Skovron, walikusanya majibu ya wanasiasa 3,765 wa ngazi ya majimbo, mwaka 2012 na 2014. Swali jepesi: wapiga kura wako wanataka nini? Kisha wakayalinganisha na maoni ya wapiga kura wenyewe. Wanasiasa wakachemsha! Wa vyama vyote viwili waliwadhania watu wao kuwa wahafidhina kuliko walivyo, na wa Republican ndio waliopotea mbali zaidi. Mambo mengine walikosea kwa pointi za asilimia 20 na ushei. Na hao kazi yao ni kutujua sisi! Fundi cherehani akikosea kipimo hivyo, suruali anaivaa mwenyewe.

Eti sababu mojawapo ni kwamba wanaowapigia simu na kuwaandikia zaidi ni wa upande mmoja. Hapo nikapiga paja. Jirani yangu! Yule bwana anampigia mheshimiwa hata mswaki hajashika. Juzi nimemsikia dirishani kwa masikio yangu: "Mheshimiwa, huku watu wote tunasema tozo ipande." Watu wote gani? Nikachungulia. Yuko peke yake na paka. Na paka mwenyewe kampa mgongo.

Basi nami nikajikakamua, nikapiga. Akapokea msaidizi, sauti ya asali: "Mheshimiwa hapatikani, yuko kwenye kikao cha kusikiliza wananchi."

"Mwananchi si ndiye mimi?"

"Sawa mzee, subiri kwenye laini."

Akaniwekea muziki. Nikasubiri, nikasubiri, na ule muziki, nisiwadanganye, ulikuwa mtamu. Shingo ikaanza kufuata mdundo taratibu. Mama watoto akatoka ndani mbio, akanishika kichwa kwa mikono miwili:

"Baba nanihii, acha kutikisa kichwa! Wataandika umekubali na nyingine!"