Stringa isikalie ganda la boti

Useremala una tabia moja inayoponza kwenye boti ya faibaglasi: kupenda ubao ukae bila mwanya. Iliniponza mimi. Stringa, yaani boriti inayolazwa kwa urefu ndani ya boti kulikaza ganda, yangu ya kwanza niliichonga siku mbili nzima, napima, napunguza, mpaka karatasi haikupita kati yake na ganda. Nikajisifu. Miezi michache baadaye, jua la jioni likipiga ubavu wa boti kwa mshazari, nikaona mstari umejichora upande wa nje, umeifuata stringa toka mwanzo hadi mwisho, na jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, imeanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele.

Ganda hunesa kila linapopigwa na wimbi, ubao haunesi. Likibanwa na ukingo mgumu wa ubao, mneso wote unaishia hapo, na hapo ndipo linapochoka. Siku hizi naacha mwanya wa milimita sita hivi na kuujaza epoksi, aina ya rezini inayokauka ngumu kama gundi, iliyochanganywa na unga wa kuikoleza, nzito kama dawa ya meno. Inayofumuka pembeni naiburuza kwa mgongo wa kijiko iwe kona ya mviringo, maana kitambaa cha faibaglasi kikilazwa kwenye kona kali huinuka na kuficha hewa chini yake. Kisha matabaka mawili matatu ya kitambaa chenye nyuzi zilizopishana kwa digrii 45, kila tabaka likizidi la chini yake kwa upana.

Ubishi wa mbao gani ni bora siuelewi. Kazi kubwa inafanywa na faibaglasi inayoufunika ubao. Ndiyo maana boti nyingine zina stringa zenye sponji ngumu tu ndani, bila ubao. Ubao utakuletea shida ukilowa tu, kupitia tundu la skrubu au mfereji wa maji ambao hukuupaka epoksi.

Nisichokubali kujadili ni msasa. Namba 40, barakoa usoni, mpaka rangi na jelikoti vitoke na nyuzi zionekane, halafu nafuta kwa asetoni, kiyeyusho cha kuondoa mafuta. Rezini mpya haiyeyukiani na ya zamani iliyokwisha kukauka, inaishika tu. Ukiacha sehemu inang'aa, itabanduka.

Na kabla ya hayo yote, egemeza boti vizuri. Iliyong'olewa stringa hulegea na kubonyea taratibu juu ya vigingi, na ukigundisha mpya wakati huo, imebaki hivyo maisha. Mimi huvuta uzi kwenye mkuku jioni, na asubuhi nautazama tena kabla ya kukoroga chochote.