Mgonjwa Akikana, Skrini Ikishikilia

Mama yangu hana mzio wa penisilini. Alipokuwa msichana alitokwa na vipele siku chache baada ya kumeza dawa, na miaka mingi baadaye akamsimulia daktari kisa hicho, maongezi tu ya kawaida. Daktari akaandika neno moja kwenye kompyuta. Tangu hapo, kila alipokwenda kutibiwa alikuta neno lile limemtangulia. Akieleza kwamba baada ya vipele vile alishakunywa dawa hiyo hiyo mara mbili na hakudhurika, anajibiwa kwa upole: "Mama, mfumo unasema una mzio." Basi anaandikiwa dawa nyingine, kali zaidi, zinazomvuruga tumbo.

Hayuko peke yake. Kati ya watu ambao rekodi zao zinasema wana mzio wa penisilini, takriban 9 katika kila 10 wakipimwa vizuri huonekana wanaivumilia bila shida. Wakati huo wote wanapewa viuavijasumu vinavyoua vijidudu vya kila aina mwilini, vibaya na vizuri, na hivyo kuchangia usugu wa vijidudu dhidi ya dawa unaotutisha sote. Kosa hili lilikuwapo hata zama za mafaili ya karatasi. Ila faili la karatasi lilikaa kabatini, likaliwa na mchwa, likapotea. La kompyuta halichakai, na linasafiri.

Hata hivyo mimi ni mtetezi wa teknolojia hii. Yeyote aliyewahi kukodolea macho mwandiko wa daktari, asijue kama ni miligramu 10 au 100, anajua tulikotoka. Mwaka 2010 watafiti wa Brigham and Women's Hospital ya Boston walichapisha matokeo ya mpango rahisi kabisa: muuguzi anaskani utepe ulio mkononi mwa mgonjwa, anaskani dawa, kisha mfumo unahakikisha kwamba dawa hiyo ni ya mtu huyo. Ukiacha makosa ya kuwahisha au kuchelewesha dozi, makosa ya utoaji wa dawa yalipungua kwa 41%. Hao ni watu halisi waliookoka kwa sababu mashine haichoki saa tisa usiku. Na mwenye mzio wa kweli, akiletwa hajitambui, lile neno moja kwenye skrini ndilo litakalomsemea.

Kwa hiyo swali la kama teknolojia ina faida au hasara naliona limepitwa. Swali langu ni hili: mtu aliye kitandani, au muuguzi aliyesimama pembeni yake, akisema mashine imekosea, neno lake litapita wapi?

Kuna kisa ambacho kila anayesaini mkataba wa kununua mfumo wa hospitali angepaswa kukijua. Mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwaunguza wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kati ya 1985 na 1987, wengine hadi kufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme vya kuzima mionzi ikizidi. Katika hii mpya kazi hiyo ilikabidhiwa programu. Mwaka 1986, mjini Tyler, Texas, mgonjwa alihisi kama amepigwa shoti ya umeme mgongoni. Skrini ilionyesha kwamba amepata mionzi pungufu. Wahandisi wakaja, wakapima, hawakuona hitilafu, mashine ikarudishwa kazini. Wiki chache baadaye ikamuunguza mtu mwingine, hospitali ile ile. Hatimaye mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliketi na mwendeshaji wa mashine wakarudia hatua zake moja moja mpaka wakalinasa kosa: lilitokea pale mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maagizo kwa kasi kuliko programu ilivyoweza kumfuata. Miili ya wagonjwa ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza.

Nikirudia kukisoma kisa hiki namkumbuka mama, ingawa la kwake ni dogo mno likilinganishwa. Jibu walilopewa ni la aina moja.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Haya, tutazame hospitali ya watoto ya Pittsburgh, ambayo mwaka 2002 ilianza kuagiza dawa kwa kompyuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliohamishiwa hapo kwa matibabu maalumu vilipanda kutoka 2.8% hadi 6.57%. Zamani, gari la wagonjwa likiwa bado njiani, madaktari waliagiza dawa na zikawekwa tayari. Mfumo mpya haukuruhusu kuagiza chochote kabla mtoto hajafika na kusajiliwa. Dakika hizo, kwa mtoto mahututi, ni uhai. Baadaye hospitali ya watoto ya Seattle iliweka programu ile ile, vifo havikuongezeka. Huko walikuwa wameandaa mapema mafungu ya maagizo yanayohitajika mara kwa mara, daktari asianze kutafuta dawa moja moja mtoto akiwa anahema. Programu moja, matokeo mawili. Ndiyo maana muuza mifumo akinionyesha picha za kuvutia namuuliza kwanza ni wauguzi wangapi waliokaa naye kabla haijawashwa.

Kuhusu wadukuzi tumeonywa vya kutosha. Mei 2021 hospitali za Ireland zilirudia kalamu na karatasi baada ya mitandao yao kufungwa. Linaloniumiza zaidi ni la Finland. Rekodi za kituo cha tiba ya kisaikolojia kiitwacho Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kutumiwa barua pepe za kuwatishia: lipa, la sivyo uliyomwambia mtaalamu wako yataanikwa. Nywila unaweza kuibadilisha kesho. Ulichokisema ukilia mbele ya mganga hukibadilishi.

Ninachodai si kikubwa. Mgonjwa aone kilichoandikwa juu yake, kwa lugha anayoielewa. Apate njia ya kukipinga na jibu ndani ya siku zinazohesabika. Muuguzi anayesitisha kazi kwa sababu skrini haiendani na anachokiona alindwe, asiandikiwe barua ya kujieleza. Na sasa mifumo ya akili mnemba inapoingia kusoma picha za eksirei na kukisia nani yuko hatarini, madai haya yawe sharti la kununua, yasisubiri kisa cha kwanza.

Mama alipimwa mzio mwaka jana. Walimpa dozi ndogo, wakamkalisha chini ya uangalizi, wakamwongezea, hakuna kilichotokea. Hospitali hiyo ikalifuta lile neno siku hiyo hiyo. Mbili nyingine bado wanalo. Daktari alimwandikia barua yenye muhuri, naye ameikunja mara nne, anaitembeza ndani ya mkoba wake kila anapokwenda kutibiwa.