Wingu la Raskazone: lihaririwe hadi wapi?

Wapigapicha wa pwani hawakubaliani kuhusu mawingu. Wapo wanaoshikilia kwamba picha iachwe ilivyotoka kwenye kamera. Wengine wanajibu kuwa kamera haioni kama jicho, na bila kuhariri wingu zito la masika hubaki doa jeupe lisilo na umbo. Kiufundi hawa wa pili wana hoja nzito zaidi, ila mara nyingi hawajui pa kuishia.

Ukisimama Raskazone, Tanga, alfajiri, jua linachomoza mbele yako. Kingo za mawingu zinawaka, matumbo yake ni giza, na kamera nyingi haziwezi kuibeba tofauti hiyo kwa pigo moja. Pima mwanga kwa nukta, yaani kwa sehemu ndogo tu ya picha, kwenye sehemu angavu ya wingu, si kwenye jua lenyewe, kisha ongeza hatua 1.5 hadi 2 (kila hatua huongeza mwanga maradufu) ikiwa unahifadhi faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera. ISO 100 (unyeti wa kamera kwa mwanga) na tundu la lenzi la f/8 zinatosha. Ukilibana tundu hadi f/16, vumbi la kwenye sensa (kitambuzi cha mwanga cha kamera) huanza kuonekana angani kama madoa. Kwa simu, gusa wingu kwenye kioo, halafu teremsha alama ya jua mpaka mikunjo ya wingu itokee. Kivuli kilichozama huinuliwa baadaye, kwa gharama ya chenga, yaani vidoa vidogo vidogo kwenye picha. Wingu lililoungua, likawa jeupe tupu, halirudi, maana hakuna kilichorekodiwa. Na rangi za mapambazuko huhadaa: histogramu ya jumla (grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha) inaonyesha usalama huku chaneli nyekundu, yaani sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo, imeshajaa.

Kuna wanaopiga picha tatu, za hatua −2, 0 na +2 za mwanga, kisha wakaziunganisha. Ni njia nzuri kwa anga tupu. Ngalawa ikipita, au kusi likitikisa minazi, unapata vivuli pacha, na heri ungebaki na faili moja la RAW. Alasiri hali ni nyepesi: jua liko mgongoni, upande wa Usambara, na mawingu ya baharini yanaangazwa kwa mbele.

Hoja ya “sijaigusa” nayo ina tundu. Simu nyingi za sasa huunganisha picha kadhaa zenyewe kabla hujaiona hata moja. Wala jambo hili halikuanza na kompyuta: katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu ya anga na ya bahari, kwa kuwa kemikali za wakati ule ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu, anga ikaungua kabla ya bahari kutokea vizuri.

Katika kuhariri, anza na sehemu angavu: zishushe kwa kitelezi chake hadi kama −50, kisha inua vivuli kidogo. Kitelezi cha kuondoa ukungu hakihitaji kuzidi 15 au 20. Ukikizidisha, utando mweupe unazunguka makuti na milingoti, na buluu inageuka kama wino. Kwa JPEG, faili la kawaida lililobanwa, hali ni mbaya zaidi, kwani kila chaneli ina ngazi 256 tu, wakati RAW ya biti 14 ina 16,384. Anga laini ikivutwa sana hukatika mistari mistari, na ukiituma kwa WhatsApp, inayobana picha, mistari hiyo huzidi.

Penye kubadilisha anga nzima, wahafidhina wako sahihi. Tangu 2020 programu ya kuhariri ya Photoshop inafanya kazi hiyo kwa mbofyo mmoja, na kasoro zake zinajirudia. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri Tanga liko karibu utosini, vivuli vya watu viko miguuni. Halafu juu yao mtu anabandika mawingu ya machweo yaliyoangazwa kutoka ubavuni! Bahari nayo inabaki na rangi ya anga ya zamani.

Kwa kadi ya utalii, hilo ni suala la ladha tu. Kwa picha inayosambazwa kama hali ya hewa ya leo, ni jambo jingine, kwa sababu mvuvi huitazama akipima kama atatoka. Hata kukoleza bila kubandika kunaweza kumpotosha: wingu la kijivu likishushwa hatua 2 linafanana na la dhoruba. Picha ya aina hiyo isahihishwe mwanga na rangi tu, iandikwe saa na upande ilikopigwa, na faili la awali litunzwe. Mashindano ya picha za habari ya World Press Photo huyataka mafaili hayo, na mwaka 2015 yaliondoa takriban asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho baada ya kuyakagua.