Namba ya tatu, ile ya milisekunde

Kwa wazazi wangu, upande wa bara wa Kwale, pwani ya Kenya, simu haishiki mtandao mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Ndiyo maana tulifunga dishi la intaneti ya setilaiti, tukalikaza kwenye nguzo ya chuma kando ya tangi la maji, tukashukuru. Lilitufaa kwa mengi. Lakini simu za Mama na dada yetu aliye Muscat, Oman, zilizopita kwenye intaneti hiyo, zilikuwa mateso. Mama anasema, "Hujambo, mwanangu?" Kimya. Anadhani hakusikika, anarudia kwa sauti kubwa zaidi, na papo hapo jibu la salamu ya kwanza linaingia. Sauti zinagongana, wote wawili wananyamaza, kisha wote wawili wanaanza tena. Nimewaona wakikata simu bila kuambiana lile walilopigiana simu.

Tulipolalamika, kampuni iliyotuuzia ilisema modemu yetu, kile kifaa cha ndani kinachounganisha dishi na waifai, imepitwa na wakati, tununue mpya na matatizo yote yataisha. Tukachanga. Fundi akaja, akabadilisha modemu pamoja na kile kichwa cha dishi kinachorusha mawimbi, kwa kuwa cha zamani hakikuelewana na modemu mpya. Nikapima kasi pale pale: kutoka megabiti 4 kwa sekunde hadi 17. Nyumba nzima ilifurahi. Jioni Mama akampigia dada, wakagongana vilevile kama jana.

Sikuwa nimeangalia namba ya tatu. Kipimo cha kasi hutoa namba ya kushusha, namba ya kupakia, halafu ile ndogo ya milisekunde (elfu moja hufanya sekunde), yaani muda ambao ujumbe mfupi hutumia kwenda na kurudi. Kabla ya modemu mpya yetu ilikuwa 650. Baada yake ilikuwa 640.

Nilipokaa na kalamu nikaona kwamba haikuwezekana iwe vingine. Setilaiti yetu iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo huzunguka sawasawa na dunia, ndiyo sababu dishi hukazwa mara moja na halisogezwi tena. Neno la Mama hupanda huko, likashuka kwenye kituo cha kampuni ardhini, ndipo likashika njia ya Muscat. Jibu nalo hupanda na kushuka vivyo hivyo. Safari nne hizo ni zaidi ya kilomita 143,000, na mawimbi hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Karibu nusu sekunde imekwisha hata kabla hujahesabu foleni za njiani. Hakuna modemu, iwe mpya namna gani, inayoweza kuikata safari hiyo.

Sisemi modemu mpya ni kazi bure. Za kisasa hubeba data nyingi zaidi kwenye masafa yaleyale ya redio, na waifai yake ni bora. Baba, ambaye hupenda kutazama taarifa ya habari na mafunzo ya kilimo, alipata nafuu ya kweli, na kwake pesa ile haikupotea. Ila nina hakika sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na fundi kuitoa modemu nyuma ya friji na kuiweka sebuleni, mahali pa juu. Kuta za nyumba yetu ni za mawe ya matumbawe, nene, na waifai huchoka kabla ya kufika chumba cha pili. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, chomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye modemu, upime. Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya chumbani, mwenye kosa ni ukuta. Sisi hatukupima hivyo, na hakuna aliyetuambia tupime.

Hapo ndipo ninapoudhika. Yule aliyetuuzia alijua shida yetu ni simu za Mama, tulimweleza neno kwa neno, na alijua umbali wa setilaiti yake. Mtu wa kijijini akichanga pesa za mavuno kununua kifaa, ana haki ya kuambiwa kitafanya nini na hakitafanya nini. Ningependa kuona namba ya milisekunde imeandikwa kwenye bango la tangazo, kwa herufi kubwa sawa na zile za megabiti.

Tulichohitaji ni setilaiti iliyo karibu. Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, iliingia Kenya Julai 2023, na setilaiti zake nyingi huzunguka chini ya kilomita 600. Nazo zina deni lake: umeme. Dishi lake la kawaida hula wati 75 hadi 100. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100, ile ya asidi ambayo haifai kuishusha chini ya nusu, hukupa kama wati-saa 600. Hapo una saa sita hadi nane, bila taa wala redio. Lile dogo, Mini, hula wati 25 hadi 40, na kwa nyumba ya sola hiyo ndiyo hesabu niliyoiona ina maana. Tukachanga tena, mara ya pili ndani ya mwaka mmoja.

Namba ya tatu sasa huwa chini ya 60. Juzi Mama na dada walizungumza dakika arobaini juu ya mahari ya binamu yetu, wakikatizana kama walivyokuwa wakikatizana jikoni, na hakuna aliyesema "hallo, hallo" hata mara moja. Ile modemu tuliyouziwa iko juu ya kabati kwenye boksi lake. Nimejaribu kuiuza, lakini haifanyi kazi na mtandao wa kampuni nyingine yoyote.