Baba mkwe anataka Juwata

Nina eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta, ya terabaiti 1. Nimeijaza nyimbo tangu enzi zile za kuchomewa sidii Kariakoo, na kijiweni huwa najigamba kwamba nina nyimbo elfu 41. Ninachokificha ni kwamba katika hizo elfu 41, ninazoweza kuzipata ukinipa dakika 5 hazifiki sita.

Jumapili baba mkwe akatua Tabata kutoka Morogoro. Kala pilau, kashushia na maji ya baridi, feni imeelekezwa kwake peke yake, sisi wengine tunachuruzika tu. Akajipapasa tumbo.

"Mkwe, nasikia una nyimbo zote. Hebu niwekee ile ya bendi ya Juwata, ambayo magitaa yanajibizana."

Magitaa yanajibizana! Mzee anaona keshanipa jina, sura na namba ya nyumba.

Nikachomeka eksteno kwenye laptopu, laptopu nikaiunga na sabufa kwa waya. Sabufa yenyewe eksteno haiisomi, inataka diski zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 na yangu imepangwa kwa mtindo mwingine, NTFS. Na hata ukiipa flashi inayoipenda, kioo chake kinakuonyesha 0437 halafu basi. Wimbo gani? Utajua mwenyewe ukilia.

Nikaandika "juwata" kwenye kisanduku cha kutafutia. Mstari wa kijani ukaanza safari. Mwanzoni ulikimbia kama bodaboda, ulipokaribia mwisho ukageuka daladala inayosubiri ijae. Kumbe Windows ina daftari lake la vitu vilivyomo kwenye folda za laptopu, lakini eksteno haimo humo mpaka uiambie. Kwa hiyo inaingia folda hii, inatoka, inaingia ile. Nasikia krr, krr, krr. Diski inazunguka mara 5,400 kwa dakika na bado inachelewa kufika.

"Baba Neema, mbona kimya? Baba anasubiri!" Huyo mke wangu, jikoni. Kana kwamba mzee nimekaa naye chumba kingine.

Nikaamua kutafuta kwa mkono. Kuna folda ZILIPENDWA. Kuna ZILIPENDWA MPYA, jina ambalo niliandika mwenyewe nikiwa na akili timamu. Kuna ZILIPENDWA ZOTE USIFUTE, na ndani yake ZILIPENDWA nyingine, na ndani yake picha za ubarikio wa Neema pamoja na risiti ya kiwanja niliyoitafuta tangu mwaka juzi. Nikaipita. Leo tunatafuta Juwata.

Akaingia dogo wa jirani, anasoma chuo. "Shikamoo babu. Shikamoo mjomba." Kunitazama kidogo tu akaniondoa kwenye kiti, akapakua programu ya bure inaitwa Everything, kwa bando langu bila shaka, ingawa siwezi kulalamika sana maana ni ndogo kuliko wimbo mmoja.

"Mjomba, ukimtafuta mpangaji Manzese unagonga mlango kwa mlango, au unamwuliza mjumbe?"

"Namwuliza mjumbe."

"Basi diski ya NTFS ina daftari lake la mjumbe, majina ya mafaili yote yamo. Hii inasoma daftari. Haigongi milango."

Na kweli, kabla sijavuta stuli nikae, mafaili yote yalikuwa mbele yetu. Akaandika juwata. Matokeo: 0.

Nimewahi kukosa vitu maishani, lakini sijawahi kukosa kitu kwa kasi ile.

Dogo akasema labda jina liko ndani ya faili, kwenye lebo, palipo na nafasi ya wimbo na msanii. Tukafungua. Wimbo: Track 07. Msanii: NYIMBO KALI PIGA, halafu namba ya simu. Tukafungua nyingine. Track 08, msanii ni yuleyule wa simu. Nyimbo zaidi ya elfu moja, taarabu, dansi, kwaya, zote kaimba kijana aliyeniuzia! Dogo ananiambia lebo za zamani, za mwaka 1996, zilikuwa na nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la msanii. Yule kijana kaona herufi 30 ni bango la bure.

"Jaribuni Msondo," mzee akasema. Tukajaribu, zikaja 212. Naweka, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa. Siyo. Siyo. "Hawa watoto." Siyo. Tulipofika wa 19 akavuta pumzi, akasema polepole kabisa, kama mtu anayekumbuka alikoacha miwani:

"Lakini huo wimbo nilikuwa nausikia kabla sijaoa. Wakati ule walikuwa Nuta."

Mzee wangu! Bendi imeanza 1964 inaitwa Nuta. Chama cha wafanyakazi kikabadili jina, na bendi ikabadili: Juwata. Kikabadili tena: OTTU. Mwisho wakawa Msondo Ngoma. Mtu mmoja, vitambulisho vinne, na mimi nimepewa cha katikati.

Dogo akaandika nuta. Likaja faili moja peke yake: nuta_jaz MZURI copy copy.mp3. Nikabofya huku mkono unatetemeka. Gitaa la kwanza likauliza, la pili likajibu. Mzee akafumba macho, kidole gumba kinapiga kwenye mkono wa kochi. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe nikaona ananitazama kama mtu mwenye nyimbo elfu 41.

Wimbo ukaisha. Mzee akafumbua macho.

"Ndio huo. Sasa weka ule mwingine."

"Upi, baba?"

"Ule unaoanza na tarumbeta."

Nikamgeukia dogo. Hata ndala zake hazikuwepo mlangoni.