Zumba si harusi jamani

Hivi mie nauliza tu, nani aliwaambia watu wa Malindi kuwa zumba, mazoezi haya ya kucheza muziki, ni harusi? Maana mie kule sikwenda kwa raha, daktari ndo alinambia mzee presha yako inapanda, angalau dakika 150 kwa wiki moyo uende mbio, tembea, ogelea, cheza ngoma, chagua mwenyewe. Kutembea Lamu Road na jua lile siwezi, bahari naipenda nikiwa nimekaa, basi ikabaki zumba. Sasa presha haipandishwi na chumvi tena, inapandishwa na wenzangu.

Manukato kwanza, hili limenikaa rohoni. Udi ni wetu, siukatai, arusini fukiza mpaka dari liwe jeusi. Lakini ukumbi wenyewe una madirisha mawili na feni moja inayozunguka ikijisikia, ni kaskazi, hewa imejaa unyevu hadi jasho halikauki mwilini linatiririka tu, halafu anaingia mama kajifukiza toka unyayo hadi utosini na juu yake kajipaka haludi! Ikifika nyimbo ya tatu sote tunahema, na mtu anayehema hachagui anachovuta. Kuna dada ana pumu, juzi alitoka akakaa ngazini na dawa yake ya kuvuta, na mwenye udi anauliza eti huyo kachoka? Na wewe kaka usicheke, fulana ya jumatatu ndio hiyohiyo ya alhamisi, imechora ramani ya chumvi mgongoni. Ogeni, vaeni nguo safi, kijitaulo cha jasho mkononi, basi.

Halafu nafasi. Kuna kina dada wa mstari wa mbele wanatumana leso, mwenyewe bado yuko Barani anasubiri tuktuk lakini leso yake ishatandikwa sakafuni inamuwekea pahala. Siku moja nikasogea kidogo nikaisoma, HASIDI HANA SABABU. Yani nasukumwa na kusemwa kwa pamoja. Na akifika kachelewa, nyimbo ya nne hiyo, viungo havijapata moto, anapenya katikati yetu na mkoba begani hadi mbele, samahani samahani, kila samahani na kiwiko chake.

Na huko mbele kwenyewe hajui stepu! Mwalimu anatutazama usoni, akinyanyua mkono wa kushoto sie tunanyanyua wa kulia, yeye ndo kioo chetu. Sasa wa mbele akienda kusikokwenda, walio nyuma yake wanamfuata maana ndiye wanayemuona, wanaojua wanaenda upande wao, tunagongana katikati. Mgeni simama katikati bwana, unamuona mwalimu na una wa kuiga kila upande. Ukikosea endelea tu kutembeza miguu, hakuna polisi.

Wajuaji nao. Kuna kijana kafundishwa salsa na Mtaliano huko Casuarina, basi hatupumui, kila hatua anasimama kando yangu, "mzee kiuno, legeza kiuno!" Kiuno nakijua mwanangu, mamangu alikuwa mcheza chakacha. Ada nimempa mwalimu.

Kinachoniuma zaidi ni chanzo chenyewe cha zumba. Beto Pérez, mwalimu wa aerobiki kule Cali, Colombia, miaka ya 1990 alisahau kanda zake nyumbani, akapiga za salsa na merenge alizokuwa nazo akabuni hapohapo. Mwaka 2001 yeye na wenzake wakafungua kampuni ya zumba Miami. Yani mtu asahau kanda Colombia, kidole changu kikanyagwe Malindi! Na kinakanyagwa na raba za kukimbilia zile zenye meno, ambazo hata mwenyewe zinamponza, kwenye kugeuka soli inang'ang'ania sakafu goti linazunguka peke yake. Tafuteni raba soli laini, na kabla hujarusha mguu nyosha mikono, ukimgusa mtu sogea.

Simu sitaki hata kuzungumzia ila nitazungumza. Dada mmoja anarekodi kila siku, yeye mbele kapendeza, mie nyuma ulimi nje. Anaposti bila kuuliza mtu. Jioni mpwa wangu anapiga toka Kilifi, "Mjomba uko salama? Nimekuona unahangaika." Nilikuwa nacheza kumbia!

Mwisho wa kipindi mwalimu anaweka nyimbo ya taratibu tunyooshe viungo, hapo ndo utaona watu wanakimbilia mlango utadhani biriani imeshushwa. Damu bado imejaa miguuni, ukikatisha ghafla kichwa kinakuja kizunguzungu, haswa sie wa vidonge vya presha. Juzi mmoja aliwahi kutoka, tukamkuta kakumbatia nguzo ya baraza, akasema anasubiri tuktuk. Tuktuk tatu zimepita mbele yake anaziangalia tu.

Na nyie vijana wa bodaboda mnaojazana dirishani kutucheka, mmeziba hewa yote. Mlango uko wazi, ada ni ileile, ingieni. Lakini na makubadhi hayo hamchezi.