Klipu za mdogo wangu na safina ya Kentucky

Mdogo wangu aliyebaki nyumbani hapitishi wiki bila kunitumia klipu. Kichwa hakibadiliki sana: "Wanasayansi wa Marekani wapigwa butwaa, Biblia ilisema kitambo!" Mimi natumiwa kwa sababu naishi Marekani, kana kwamba nikifungua dirisha nitawaona hao wanasayansi wamesimama barabarani, mikono kichwani.

Nilipokuja huku nilijiandaa kukuta watu waliokwisha kuachana na dini. Wapo. Lakini wapo pia walioipeleka dini maabara, na hao ndio walionishangaza. Williamstown, katika jimbo la Kentucky, kuna safina ya mbao yenye urefu wa mita 155 hivi, iliyofunguliwa mwaka 2016. Nimekwenda na mwanangu. Ndani ya vizimba kuna sanamu za dinosaria, maana walioijenga wanashikilia kwamba dunia ina umri wa miaka 6,000 tu na kwamba dinosaria nao walipanda na Nuhu. Kijana akauliza, hewa iliingiaje? Jibu lipo. Na kinyesi cha wanyama wote wale? Jibu lipo pia. Tulipotoka nilikuwa nawaza mabomba ya maji taka. Gharika yenyewe, na kwa nini ilikuja, vilikuwa vimenitoka kabisa akilini.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Baiolojia na mzee wa kanisa. Katikati ya wiki alifundisha mageuzi ya viumbe, Jumapili alisoma Mwanzo mbele ya waumini, kwa miwani ileile. Mwanafunzi mmoja alimuuliza: mwalimu, ipi sasa ndiyo kweli? Akamjibu, "Kwenye mtihani andika ya Baiolojia. Siku ukifiwa hutakitafuta kitabu cha Baiolojia." Utotoni niliona mzee amekwepa swali. Mpaka leo naona alikwepa kidogo. Ila hakuna aliyeshitakiwa; huku Tennessee, mwaka 1925, mwalimu John Scopes alipigwa faini ya dola 100 kwa kufundisha somo hilohilo, na ugomvi ulikuwa bado uko mahakamani mwaka 2005 kule Dover, Pennsylvania.

Sasa naona nyumbani wanaagiza ugomvi huu kupitia simu. Wakristo wananitumia Isaya 40:22, "duara ya dunia", kuthibitisha kwamba nabii alijua dunia ni mviringo. Hakuna anayenitumia Zaburi 104:5, kwamba nchi imewekwa juu ya misingi yake isitikisike milele, ambayo watu walimsomea Galileo kumwonyesha kwamba dunia haizunguki jua. Rafiki zangu Waislamu nao wana sura ya Kurani, Adh-Dhariyat, aya ya 47, kuhusu mbingu kupanuka. Ninachowauliza wote ni kimoja: mbona aya hugeuka fizikia baada ya darubini kuona, na si kabla? Na nadharia ikibadilika, aya itabadilika nayo? Sayansi inaishi kwa kukubali kwamba kesho inaweza kukosolewa. Anayesema andiko lake ni sayansi amekubali sharti hilo, na sijakutana na msambaza klipu hata mmoja aliye tayari kulitimiza.

Aliyelielewa hili kuliko wote alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na baadaye akaweka msingi wa nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang), yaani kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoikaribisha nadharia hiyo kama ushuhuda wa uumbaji. Ungetegemea padri apige vigelegele. Hakufurahi hata kidogo. Kwake nadharia ilikuwa ya kupimwa kwa hesabu na vipimo, na hakutaka imani ya mtu ining'inie hapo.

Nilimwandikia mdogo wangu haya yote, ujumbe mrefu hata mimi niliona aibu. Akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, huamini tena?" Nikamwambia ninaamini, na kwamba nilikuwa ndiyo kwanza natoka kanisani. Akanirudishia ile mikono miwili iliyokutanishwa. Baada ya dakika kumi simu ikalia tena: klipu, "NASA yakiri!"